Moyo wa Livingstone, mswaki wa Kirk na mapigo ya bibi yangu wa Ujiji

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama kibarua kimeota nyasi. Hakijaota, Alhamdulillahi. Nilikuwa nyumbani Ujiji nikimuuguza bibi yangu, mama yake mama, na huko ndiko nilikookota habari ninayowaletea leo. Gazetini haikupata nafasi (mhariri wangu alisema haina kichwa wala miguu), kwa hiyo naimwaga hapa, ambapo mhariri ni mimi mwenyewe.

Ni habari ya historia, lakini inahusu moyo. Si ule moyo wa kwenye taarabu, bali huu wa nyama, wenye ukubwa wa ngumi, unaodunda mara laki moja hivi kwa siku bila mwenyewe kuuamrisha. Nani anauamrisha? Hilo ndilo swali la leo. Na kama mtakavyoona, sehemu ya jibu lake ilipatikana kwa mishale ya wawindaji wa Kiafrika na kwa mtu mmoja ambaye jina lake lilitukanwa sana pale Ujiji mwaka 1871.

Nianze na Kibirizi. Kwa wasiopafahamu, Kibirizi ni mwalo mkubwa wa samaki kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ndiko zinakopakia boti za vijiji vya ufukweni. Asubuhi moja nilikwenda kununua kitoweo nikamkuta mama mmoja anapasua kambale. Alitoa matumbo, akatoa na moyo, akauweka pembeni ya ubao. Ule moyo ukaendelea kudunda. Hauna mwili, hauna kichwa, lakini unadunda. Mtoto wake aliyekuwa pembeni akauliza, "Mama, mbona bado yuko hai?" Mama akajibu bila kuinua macho, "Ameshakufa huyo. Ni moyo wake tu haujapata habari."

Nilicheka, lakini njiani nikagundua kwamba yule mama alikuwa amesema kwa sentensi moja jambo lililowasumbua wataalamu wa Ulaya kwa karne nyingi. Moyo unajipigisha wenyewe. Kinachotoka nje, kutoka kwenye ubongo na kwenye damu, ni habari tu: ongeza mwendo, punguza mwendo.

Penyewe panapojipigisha palipatikana mwaka 1907, pale Waingereza wawili, Arthur Keith na mwanafunzi wake Martin Flack, walipochunguza moyo wa fuko wakaona kifundo kidogo cha nyama ya aina yake katika chumba cha juu upande wa kulia. Seli za kifundo hicho hazitulii. Chaji ya umeme inapanda ndani yake taratibu, ikifika kiwango fulani inafyatuka, kisha inaanza tena. Kila ikifyatuka, umeme unasambaa moyoni na moyo unajikunja. Mwaka mmoja kabla yao, Mjapani Sunao Tawara, akiwa Marburg huko Ujerumani, alikuwa ameonyesha kifundo cha pili, kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini. Hiki ni kama geti. Kinauchelewesha umeme kwa muda mfupi sana, sehemu ya kumi ya sekunde hivi, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu kabla vya chini havijasukuma. Naomba mlikumbuke hilo geti, tutarudi kwake.

Sasa cha kushangaza ni hiki. Kile kifundo cha kwanza kikiachwa peke yake, kwa kijana mzima hupiga kama mara 100 kwa dakika. Lakini wewe uliyekaa hapo unasoma, ukijipima utakuta 65 au 75. Maana yake ni kwamba wakati wote umepumzika, mguu uko kwenye breki. Breki yenyewe ni mshipa wa fahamu uitwao vegasi, unaoshuka kutoka shina la ubongo kupitia shingoni hadi moyoni. Ndugu wawili wa Kijerumani, Ernst na Eduard Weber, walionyesha mwaka 1845 kwamba ukiuchokoza mshipa huo kwa umeme moyo unapungua mwendo, na ukizidisha unasimama. Wakati huo watu walikuwa wanadhani mshipa wa fahamu kazi yake ni kuamsha tu. Kumbe kuna na wa kutuliza.

Mafuta ya gari nayo yapo: mishipa ya fahamu mingine inayotoka uti wa mgongo, pamoja na adrenalini inayomwagwa kwenye damu na tezi zilizokaa juu ya figo. Ukiwa kwenye boti kati ya Kigoma na Kalya, dhoruba ikaanza, na nahodha akaacha kupiga soga, hiyo inayokudunda masikioni ni adrenalini. Breki zinaachiwa na mafuta yanakanyagwa kwa pamoja.

Vipo pia vipima shinikizo la damu, kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na ule unaotoka moyoni. Ukisimama ghafla damu inateremka miguuni, shinikizo linashuka, vipima vinapeleka habari kwenye ubongo, na moyo unaongezwa mwendo kabla hujaanguka. Homa nayo ina hesabu yake: kwa kawaida kila nyuzi moja ya joto inaongeza mapigo kama 10 kwa dakika. Na ukizamisha uso kwenye maji huku umebana pumzi, breki inakanyagwa ili kubana matumizi ya oksijeni. Wapiga mbizi wanayo hiyo, na hata mtoto anayechezea maji pale Katonga anayo, japo hajui.

Lakini breki inafikaje moyoni? Ni umeme tu, au kuna kitu kinachomwagwa? Jibu lilitoka Austria mwaka 1921. Otto Loewi aliweka mioyo miwili ya vyura kwenye maji ya chumvi. Mmoja aliuchokoza mshipa wake wa vegasi, ukapungua mwendo. Akachukua yale maji yaliyouzunguka akayahamishia kwa moyo wa pili, ambao hakuugusa. Nao ukapungua mwendo. Kumbe mshipa unatema kemikali, na kemikali hiyo baadaye ilitambuliwa kuwa asetilikolini. Mwaka 1936 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Haya, hayo ni ya Ulaya. Sasa twende Ujiji.

Kila mtoto wa Ujiji anajua mahali alipokutana Stanley na Livingstone. Tumepelekwa pale tangu shule ya msingi, tukaoneshwa mnara na miembe inayosemekana ni vizazi vya mwembe wenyewe, tukaandikishwa tarehe: 10 Novemba 1871, kwa hesabu ya Stanley. Tusichofundishwa ni hali ya mwili wa yule mzee.

Livingstone alifika Ujiji kwa mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1869, akiwa hawezi kutembea. Alikuwa na kichomi, anakohoa na kifua kinambana, na sehemu kubwa ya njia alibebwa kwenye machela akiwa katika msafara wa mfanyabiashara Mwarabu, Muhammad bin Gharib, kisha akavushwa ziwa kwa mtumbwi. Dawa hakuwa nazo. Sanduku lake la dawa, pamoja na kwinini, lilikuwa limeondoka na wapagazi waliotoroka Januari 1867, na siku hiyo aliandika kwenye shajara yake kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kifo. Yeye alikuwa daktari, alijua anachokisema.

Kutoka Ujiji akaenda Manyema, ng'ambo ya ziwa, akakaa huko miaka miwili, akarudi Oktoba 1871 akiwa mifupa mitupu. Alitegemea bidhaa zake alizotumiwa kutoka Unguja. Akakuta aliyekabidhiwa mzigo, mtu aliyeitwa Sherif, ameuza karibu kila kitu. Siku chache baadaye ndipo alipotokea Stanley na chakula na dawa.

Stanley, kama mnavyojua, alikuwa mwandishi wa gazeti, New York Herald, na mwandishi akipata kisa kama hicho hutafuta na mbaya wake. Mbaya aliyempata ni Dkt. John Kirk, wa ubalozi mdogo wa Uingereza Unguja, ambaye ndiye aliyekuwa akishughulikia ile misafara. Stanley alimsema Kirk vibaya, kwamba amemtelekeza rafiki yake. Hata Livingstone akaamini kwa muda. Serikali ya Uingereza ilimtetea Kirk, lakini tuhuma zilimuuma. Mimi kama mwandishi namwelewa Stanley, na kama mwandishi naona pia alivyoandika kwa hasira kabla ya kusikiliza upande wa pili. Wapo watu ambao historia inawakumbuka kwa lawama moja tu. Ndiyo maana nataka leo nimkumbuke Kirk kwa mswaki wake.

Kirk alikuwa Mskoti, daktari na mtaalamu wa mimea. Kabla ya Unguja, alikuwa pamoja na Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858. Katika bonde la Mto Shire, nchi ambayo leo ni Malawi, waliona Wamang'anja wakiwinda kwa mishale yenye sumu waliyoiita kombe. Mnyama akichomwa hakwendi mbali. Sumu hiyo ilitokana na mbegu za mmea unaotambaa, ambao sasa wataalamu wanauita Strophanthus kombe. Kirk, kwa tabia ya watu wa mimea, akachukua sampuli akaweka mfukoni.

Mfuko huohuo ulikuwa na mswaki wake.

Asubuhi moja akapiga mswaki, akasikia uchungu mdomoni. Akadhani ni kwinini, kwa sababu alikuwa akiutumia mpini wa mswaki kuchukulia dawa hiyo. Alikuwa na mafua siku hiyo na mapigo yake yalikuwa juu. Kwa mshangao wake yakashuka, na kesho yake akaamka hajambo. Kisa hiki Livingstone alikichapisha katika kitabu cha safari yao kilichotoka mwaka 1865. Fikirini: mtu amelamba sumu ya kuulia wanyama wakubwa, na badala ya kuanguka anaandika takwimu. Kingekuwa kiasi kikubwa zaidi, leo tusingekuwa na wa kumlaumu kwa mzigo wa Ujiji.

Sampuli za kombe zilifika Uingereza, na aliyezifanyia kazi kwa muda mrefu kuliko wote ni Thomas Fraser wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alianza miaka ya mwisho ya 1860, akaitenga dawa yenyewe, na mwaka 1885 akawaeleza madaktari wenzake kwamba kombe inaweza kutibu moyo uliochoka. Mwaka 1906, Albert Fraenkel, akiwa Strasbourg, alianza kuichoma moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, na wagonjwa waliokuwa wakihema kwa shida wakapata nafuu ndani ya dakika. Kwa nini sindano na si kidonge? Kwa sababu tumboni haifyonzwi vizuri. Jambo hilo wawindaji walilijua kabla ya Fraenkel: mnyama aliyeuawa kwa mshale wa sumu huliwa, ila nyama ya pale ulipochoma mshale hukatwa ikatupwa. Na hata hapa kwetu wapo wanaolijua. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wanatumia mbegu za ndugu ya mmea huo, Strophanthus eminii, uliopewa jina la Emin Pasha.

Ulaya nao walikuwa na mmea wao wa aina hiyo. Daktari wa Kiingereza William Withering aliandika kitabu mwaka 1785 kuhusu majani ya ua liitwalo digitalis, aliloanza kulichunguza baada ya kusikia dawa ya siri ya mama mmoja wa kijijini. Kutoka jamii ya ua hilo ndiyo ilipatikana, mwaka 1930, digoksini, ambayo mpaka leo iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kombe na digoksini ni watoto wa shangazi na mjomba. Zinafanya kazi kwa njia moja.

Njia yenyewe ilijulikana baadaye sana. Kila seli mwilini ina pampu ndogo ndogo kwenye ngozi yake, zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Mdenmark Jens Skou alizielezea mwaka 1957, akapata Nobel mwaka 1997, miaka arobaini baadaye (wanaolalamika kucheleweshewa marupurupu wapo hapo?). Kombe na digoksini huziba pampu hiyo. Sodiamu ikirundikana ndani ya seli ya moyo, kalsiamu nayo inabaki nyingi, na kalsiamu ndiyo inayoufanya msuli ujikunje. Kwa hiyo kila pigo linakuwa na nguvu zaidi. Pamoja na hilo, dawa inaukanyagia mguu ule mshipa wa vegasi, na lile geti la Tawara linazidi kuchelewesha umeme. Mapigo yanapungua. Hicho ndicho kilichompata Kirk na mswaki wake. Ukizidisha, geti linafunga kabisa, au seli zisizohusika zinaanza kufyatuka ovyo kila moja kwa wakati wake. Hicho ndicho kinachompata mnyama.

Tofauti kati ya Kirk na mnyama ni dozi. Na hapo sasa ndipo ninapomleta bibi yangu.

Bibi ana zaidi ya miaka sabini. Miaka miwili iliyopita moyo wake ulianza kwenda mrama: vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga, umeme unalifikia geti kama watu wanaogombea kivuko, na geti linapitisha ovyo ovyo, mara mbili za haraka, kimya, tatu, kimya. Anachoka, miguu inavimba. Daktari akamwandikia digoksini, kidonge kidogo kuliko punje ya mtama, ili geti lipunguze kupitisha, na kidonge kingine cha kukojoza maji. Akatufundisha kupima mapigo kabla ya kumpa. Yakiwa chini ya 60 kwa dakika usimpe, mlete.

Kazi ya kupima nikiwa nyumbani ni yangu. Namshika mkono, vidole viwili chini ya kidole gumba, naangalia saa kwa nusu dakika, nazidisha mara mbili. Yeye, ambaye hakusoma ila anajua kuhesabu kuliko mimi, huchukua tasbihi na kusogeza punje moja kwa kila pigo analolisikia mwenyewe. Tukimaliza tunalinganisha. "Mume wangu," huniambia (ndivyo mabibi wa kwetu wanavyotutania wajukuu), "wewe una saa, mimi nina Mungu, tuone nani anajua."

Safari hii nilipofika, mapigo yake yalikuwa yamenyooka. Yanakwenda taratibu, moja baada ya moja, kama saa ya ukutani. Nikafurahi. Nikampigia simu mama nikamwambia dawa imeanza kuuponya moyo. Bibi mwenyewe hakuwa na furaha. Alisema hana hamu ya kula, tumbo linamchefua, na taa ya sebuleni ameiona ina duara la njano. Nikadhani ni macho ya uzee. Nilipohesabu vizuri nikapata 24 kwa nusu dakika. Yaani 48. Na tasbihi yake, ambayo kila kipande kina punje 33, haikufika hata mwisho wa kipande cha kwanza.

Tulimkimbiza hospitali usiku huohuo. Daktari wa zamu alipomsikiliza hakuuliza habari za mapigo kunyooka, aliuliza, "Bibi, umekunywa dawa gani nyingine?" Bibi akaniangalia mimi, akaangalia ukuta, mwisho akasema. Jirani alikuwa amemletea unga wa mizizi wa kusafisha tumbo, na amekuwa akiunywa kwa uji siku tano. Tumbo lilikuwa limesafishika kwelikweli. Hakutuambia kwa sababu aliona si dawa ya moyo, kwa hiyo haihusiani na moyo.

Ikabidi daktari atueleze. Kuharisha kumeondoa maji na potasiamu mwilini, na kile kidonge cha kukojoza kilikuwa kimeshaanza kuipunguza potasiamu kabla. Sasa potasiamu na digoksini zinagombea kiti kimoja kwenye ile pampu. Potasiamu ikipungua, digoksini inakaa bila mpinzani. Pamoja na hilo, figo zikikosa maji zinashindwa kuitoa dawa, inarundikana. Kidonge kilekile, dozi ileile, kikageuka mshale. Na kule kunyooka kwa mapigo nilikokufurahia kulikuwa dalili ya sumu: geti lilikuwa limeshafunga, na moyo wa chini ulikuwa unajipigia peke yake, polepole, kama ule wa kambale wa Kibirizi. Ulikuwa haupati habari kutoka juu.

Ndugu wasomaji, nimekaa kwenye benchi la hospitali usiku ule nikifikiria mengi. Sitaki mtu anielewe kwamba napiga vita miti shamba. Kisa chote nilichowasimulia kinaonyesha kwamba dawa hii ya hospitali ilianzia kwenye miti shamba, ya mama wa kijijini Uingereza na ya wawindaji wa Shire. Ninachosema ni kwamba yule mwindaji aliijua dozi yake. Alijua kombe ya namna gani, ya kiasi gani, kwa mnyama gani, na akajua nyama ipi asile. Bibi yangu alipewa unga ndani ya karatasi, bila jina, bila kipimo, na mtu asiyejua kwamba kuna kidonge kingine. Huo si ujuzi wa mababu. Mababu walikuwa makini kuliko hivyo.

Na kuna jambo lingine la haki. Kirk tunamjua, akafa mwaka 1922 akiwa na heshima zake, na Unguja anakumbukwa kwa kumbana Sultani Barghash mpaka akasaini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini, Juni 1873. Fraser tunamjua, Fraenkel tunamjua. Mwindaji wa Kimang'anja aliyemwonyesha Kirk mmea ule kitabuni hana jina. Bila yeye kusingekuwa na cha kuchafua mswaki.

Nimalizie na moyo wa Livingstone, maana niliahidi kwenye kichwa cha habari. Alifariki karibu na tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, akiwa amepoteza damu nyingi kwa tumbo la kuhara damu. Kwa tuliyoyajua leo tunaweza kuwaza siku zake za mwisho: damu imepungua, vipima vya shingoni vinapiga kelele, ubongo unaachia breki zote, na moyo unakwenda mbio kusukuma kilichobaki. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliamua kuurudisha mwili pwani. Ili usiharibike, aliyeupasua ni Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari Unguja na alikuwa ameona kazi hiyo ikifanywa. Akaona donge la damu iliyoganda tumboni, kubwa kama kiganja cha mtu. Moyo na viungo vya ndani wakaviweka kwenye kopo la bati wakavizika chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye gome. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani wiki mbili, ukabebwa hadi Bagamoyo, ukazikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Wengi husema moyo uliachwa kwa sababu ulikuwa mali ya Afrika. Ni maneno matamu, lakini uliondolewa kwanza kabisa kwa sababu Farijala alijua kazi yake, kwamba viungo vya ndani ndivyo vinavyooza kwanza. Mimi naona huo ujuzi unastahili heshima kuliko yale maneno matamu.

Bibi alilazwa siku sita. Digoksini ilisimamishwa, akapewa maji na potasiamu, mapigo yakapanda, 52, 58, 66. Yamerudi kuwa ovyo ovyo kidogo, na safari hii nimefurahi kwa sababu inayoeleweka. Dawa ameanzishiwa tena kwa dozi ndogo zaidi. Ule unga wa mizizi ameutupa chooni mwenyewe, akasema asije akasikia mtu amemwambia jirani.

Jioni ya kabla sijapanda gari kurudi kazini tulikaa barazani. Nikamshika mkono, nikatoa saa. Yeye akatoa tasbihi. Nusu dakika ilipoisha nilikuwa na 34. Nikamuuliza yeye ana ngapi. Akanionyesha kidole chake kikiwa kwenye punje ya kwanza ya kipande cha pili.

"Kipande kikiisha kabla saa yako haijasema basi," akasema, "nitameza kidonge. Kisipoisha, nitamwambia mama yako. Wewe nenda kaandike magazeti yako."

Daktari alisema mapigo 30 kwa nusu dakika. Tasbihi inasema 33. Nimemwacha na yake, iko upande wa salama.